Siku Niliyomwambia Mama Akae

Mashine ya kufuma sweta ina mlio ambao ukilelewa nao hautoki kichwani. Krrak kwenda, krrak kurudi, asubuhi mpaka jioni, na kila safu ikiisha sweta ya mtoto wa mtu mwingine imeongezeka urefu. Kwa Tata, mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, mashine hiyo ilikaa sebuleni mahali ambapo wenzetu waliweka kochi la wageni, na nyumba nzima ilinuka mafuta ya mashine na uzi mpya. Vumbi la uzi lilielea hewani, likaingia kwenye chai, likaingia puani, na ikifika mwezi wa kumi, oda za shule zinapoanza kumiminika, hata kamasi zangu zilifuata rangi za sare: buluu wiki hii, maruni wiki ijayo. Mpaka leo nikipita mahali nikasikia mlio ule, mabega yangu hupanda yenyewe, nikingoja kuitwa niulizwe kosa.

Tata, yaani dada mkubwa wa Mama, alinilea tangu nikiwa na miaka sita, na sitapamba mambo: hatukupendana. Alinilisha vizuri, alinifumia sweta nzuri kuliko za wenzangu darasani, na alihakikisha sikosi shule hata siku moja. Lakini hakuwa ameomba kupewa mtoto, na hakuniacha nisahau. Jina aliloniita lilikuwa "wewe". "Wewe, hizo sufuria zinangoja nani? Ama mamako atakuja na ndege kuziosha?" Akisema hivyo hakuinua macho kutoka kwenye mashine. Nami nilikuwa na ulimi wangu. Niliosha sufuria nikizigonganisha kwa makusudi, kwa sababu nilijua kelele za vyombo zinamuumiza kichwa.

Jina langu hasa ni Wairimu, na kisa chote kinatoka hapo. Mama hakuolewa, kwa hiyo nilipozaliwa jina halikuenda upande wa baba kama kawaida ya sisi Wakikuyu. Lilienda upande wake, nikapewa la mama yake aliyekuwa amefariki. Kwetu, mtoto akipewa jina la mtu inachukuliwa kuwa mtu huyo amerudi nyumbani. Mimi basi nilikuwa mama yake Mama. Aliniita Mami, na haikuwa mzaha mtupu. Nikikataa uji, aliwaambia watu kwamba Mami ameshiba, wasimsumbue. Nikilia asiende mahali, alivua viatu akarudi kuketi, akituma ujumbe kwa marafiki zake kwamba mama yake amemkatalia. Majirani walicheka sana. Mimi nilikua nikijua kwamba neno langu linaweza kumsimamisha mtu mzima mlangoni. Tata naye, kwa kuwa marehemu alikuwa mama yake pia, alipaswa kuniita vivyo hivyo. Hakuwahi.

Siku ya kusafiri, Mama alipiga magoti kwenye simenti ya ukumbini kwa Tata akanyoosha viganja vyake mbele yangu. Wazee wetu wakimbariki mtu anayekwenda mbali humtemea mate kidogo viganjani au kifuani. Ni baraka, hakuna anayeona kinyaa. "Mami, niende?" akaniuliza. Nilikuwa na miaka sita na nilikuwa nimeahidiwa mwanasesere anayefumba macho akilazwa. Nikasema nenda. Nikatema mate mengi kuliko yaliyohitajika, watu wakaangua kicheko, na yeye akajipaka usoni huku analia. Alisema atakuwa huko Krismasi mbili tu. Tata alisimama nyuma yetu amekunja mikono, na nakumbuka alisema kwamba ndege haingojei maigizo.

Alikwenda Amerika, pwani ya kaskazini-mashariki, mji mdogo ambao barabara yake ya mwisho ilikuwa inaishia kwenye maji. Kazi yake ilikuwa kumtunza mzee mmoja asiyeweza kutembea. Kila Jumapili baada ya kanisa alitupigia simu, na baada ya kuniuliza kama ninasoma na kama ninamsikiza Tata, hadithi ilihamia kwa mzee. Mzee anapenda mayai yasiyoiva sana. Mzee ametukana daktari. Mzee anaogopa radi, radi ikipiga lazima Mama amshike mkono mpaka apate usingizi. Nilizisikiliza habari hizo nimeegemea dirisha, na mara nyingine radi yetu wenyewe ilikuwa inanguruma upande wa mlima Menengai, mashine ya Tata inakwenda krrak, na mkono wangu hauna mtu. Krismasi ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Watu wazima walinong'ona kwamba viza ya Mama ilikwisha zamani, kwamba hana makaratasi, kwamba akitoka kule hataingia tena. Sikuelewa habari za makaratasi. Nilichoelewa ni kwamba kuna mtu anashikwa mkono na mama yangu, na mtu huyo si mimi. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote. Na kwa kuwa yeye sikuweza kumfikia, nikaanza kumchukia Mama, ambaye angalau alikuwa na simu.

Nilikuwa na miaka kumi wakati kimbunga kilipoanza kutajwa. Wiki hiyo hata Nakuru hali ya hewa ilikuwa ya ugomvi. Mvua ya vuli ilikuwa imechelewa, na badala yake ukaja upepo kutoka upande wa ziwa, umebeba vumbi jeupe la magadi linalowasha macho. Ulizoa maua ya mijakaranda na karatasi za taka ukavisukuma chini ya milango. Nguo tulizoanika tulizianua zikiwa chafu kuliko tulivyozianika. Jioni ya Alhamisi, kwenye TV ya Tata, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, ikaonyeshwa ramani: bahari ya buluu, na juu yake kitu cheupe kinazunguka polepole, kina tundu katikati. Mtangazaji alieleza kwamba vimbunga vya namna hiyo huchoka na kugeukia baharini kabla ya kufika kaskazini kiasi kile, ila hiki kimekataa kugeuka, na watu wa pwani ile wameamriwa kuhama.

Bahari nilikuwa sijaiona. Maji makubwa niliyoyajua ni ziwa letu, lililokuwa limetulia ndani ya ua wa mbuga na heroe wake. Nilijaribu kupata picha ya ziwa lile likiinuka na kuingia mjini, nikashindwa. Tata alisimamisha mashine. Katika miaka minne sikuwahi kumwona akisimamisha mashine katikati ya safu.

"Huko ndio Nyokabi ako," akasema, akimtaja Mama kwa jina, na kidole chake kikagusa kioo cha TV. "Hapo kabisa."

Ijumaa na Jumamosi alipiga simu, hakumpata. Jumapili saa tisa alasiri, huko kwao ikiwa asubuhi, Mama akapiga mwenyewe. Tata aliweka simu juu ya meza ya mashine, sauti nje, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia hata upepo. Ulikuwa unavuma mfululizo bila kupumzika, tofauti na wa kwetu ambao huja na kuondoka. Mama alieleza kwa haraka. Kuna basi linazunguka kuchukua watu waliobaki, linawapeleka kwenye ukumbi wa shule mbali na bahari. Litapita mara moja tu. Mzee amekataa kutoka, ameshikilia vyuma vya kitanda. Watoto wake wako mbali na barabara zimefungwa. Na huko shuleni kuna polisi mlangoni, wanaandika majina.

"Panda hiyo basi, Nyokabi," Tata alisema.

"Nimwache aje? Hata kujigeuza hawezi."

"Si aliambiwa atoke akakataa? Hiyo ni shauri yake. Wewe panda."

"Na wakiniuliza makaratasi?"

"Afadhali uulizwe makaratasi ukiwa hai! Kwani wewe ni mjinga?"

"Usinipigie kelele. Tangu tukiwa wadogo unanipigia tu kelele."

Tata akafumba macho. Alipoyafumbua alinigeukia, na uso ule uliokuwa siku zote umekaza ulikuwa umelegea wote. Akaichukua simu mezani kwa mikono miwili, jinsi anavyopewa kitu mtu mzima wa heshima, akaniwekea mkononi.

"Mami," aliniambia. "Mami, mwambie atoke. Wewe atakusikia."

Miaka minne nilikuwa nimelingojea neno hilo. Nilikuwa nikilala nikifikiria jinsi atakavyolitamka, na jinsi nitakavyomsamehe. Na lilipokuja, nikaona waziwazi kwamba limekuja kwa sababu ananihitaji, kama anavyohitaji sindano mpya ya kufumia ile ya zamani ikivunjika. Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena hata nikiwa mtu mzima.

Mama alikuwa amesikia. "Mami?" akasema kutoka kule, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo sana, sauti ya mtoto. "Mami, nitoke ama nikae?"

Ningependa kuandika hapa kwamba niliogopa, au kwamba sikuelewa hatari. Nilikuwa nimeitazama ile ramani siku tatu. Nilielewa vizuri. Nilitaka aumie, angalau kidogo, kama nilivyokuwa nimeumia mimi, na nilitaka Tata asikie.

"Kaa huko," nikasema. "Kaa na huyo mzee wako."

Upepo ukaendelea kuvuma ndani ya simu. Nadhani ulikuwa muda mfupi tu, ila nilipata nafasi ya kuona uzi wa maruni uliokuwa unaning'inia kwenye mashine na kuhesabu mafundo yake matatu.

"Sawa, Mami," Mama akasema. Simu ikakatika.

Tata hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nadhani kipigo kingenisaidia. Alijaribu kumpigia tena na tena, na kila mara sauti ya mwanamke asiyetujua ikamwambia kwamba mteja hapatikani. Hatimaye akaketi kwenye mashine, akashika mpini wake, asiuvute. Tuliketi hivyo mpaka giza likaingia, na hakuna aliyeniambia niwashe taa.

Siku tatu zilizofuata, TV ilituonyesha pwani ile. Magari yakielea. Mashua imelala katikati ya barabara mbele ya duka la dawa. Nyumba za mbao zimeegemeana. Nilikuwa nikienda shule na kurudi, na nikirudi namkuta Tata mahali nilipomwacha, hajafuma, hajanena nami. Jumanne alasiri wamama wa kanisa walikuja kuomba. Walijaa sebuleni, wakaketi hadi juu ya marobota ya uzi, na mmoja wao akauliza kama Nyokabi alipatikana kwenye simu kabla ya kimbunga kufika.

"Alipatikana," Tata akajibu. "Tulimwambia atoke. Hata huyu mtoto alimwambia."

Wakanishika kichwa mmoja baada ya mwingine. Mtoto ana akili, wakasema, huyo kweli ni mama yake aliyerudi. Nilimtazama Tata, yeye hakunitazama. Hadi leo sijui kama alinifichia mimi aibu au alijifichia yeye, na nilimchukia zaidi kwa kuniacha nikiwa na deni ambalo sikujua nitalilipaje. Walipofumba macho kuomba, nami nilifumba yangu. Wao walimwomba Mungu atulize maji. Mimi niliomba kitu kimoja tu, nikirudia ndani kwa ndani mpaka kichwa kikauma: toka, Mama, toka, toka sasa. Ilikuwa tayari imepita siku nzima tangu maji yafike.

Siku ya nne namba tusiyoijua ikapiga. Alikuwa hai. Alizungumza na Tata tu, na Tata hakuweka sauti nje, kwa hiyo kisa nilikipata vipande vipande. Maji yalikuwa yameingia kupitia mlango wa nyuma, meusi, yanakwenda kasi. Alimfunga mzee mgongoni kwa shuka, jinsi anavyofungwa mtoto wa kwetu, akapanda naye ngazi, kidato kimoja kimoja. Walikaa juu siku nzima na zaidi, chini yao viti vikigonga ukuta, paa limechanika upande mmoja, na alimshika mkono mpaka mashua ya waokoaji ilipofika. Mzee alikuwa amepata baridi ya kifua. Alifia hospitalini siku ile ile ya simu. Na hospitalini waliuliza maswali: huyu mama ni nani kwa mzee, anaitwa nani, ameingiaje nchini.

Kwa hiyo nilipata nilichotaka. Huwa silisemi hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Neno langu lilimrudisha Mama nyumbani. Alizuiliwa miezi mitano, akawekwa kwenye ndege, na mwezi wa nne, masika yakinyesha Nakuru kana kwamba kuna mtu anayadai, akasimama kwenye geti la Tata na begi moja la plastiki, amevaa koti kubwa la mwanamume. Lilikuwa la mzee. Nilimkimbilia. Nilikuwa nimekua, kichwa changu kilimfikia kifuani, na koti lilinuka mtu mgeni. Akaniweka mikono mabegani, akanisogeza nyuma kidogo aniangalie.

"Wairimu," akasema. "Umerefuka."

Hakuniita Mami. Nilidhani ni uchovu wa safari. Nikangoja kesho yake, na kesho kutwa. Tata na yeye waligombana kabla wiki haijaisha, kwa maneno mazito ambayo hayajafutwa mpaka sasa, na tukahamia chumba kimoja mtaa wa Kaptembwo, ambako Mama alianza kufulia watu nguo. Koti alilitundika nyuma ya mlango, na likabaki hapo. Asubuhi aliniamsha kwa kuniita Wairimu, jinsi mwalimu anavyosoma majina. Nikikataa uji alisema, "Wairimu, kunywa uji." Nikilia asitoke, alitoka. Wasomaji wengine watasema hivyo ndivyo mama anavyopaswa kuwa, na huenda ni kweli. Mimi nilijua nimevuliwa cheo, na nilijua kwa nini, na tukaishi hivyo bila kulitaja miaka nenda miaka rudi, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Sasa tunaishi mtaa wa Free Area, mimi, yeye na binti yangu. Lile ziwa nililoshindwa kulifikiria likitembea limeshatembea. Limepanda mwaka baada ya mwaka, likaingia kwenye nyumba za watu upande ule wa Kaptembwo tulikokuwa tunaishi, bila upepo wala mtangazaji wa kuonya. Mwaka jana mwezi wa kumi Mama alikuwa ameketi jikoni na simu yangu, akitazama video ya kimbunga kingine kinachokaribia pwani nyingine ya kaskazini. Kilikuwa kile kile kitu cheupe, na lile tundu. Aliizima, akaiweka kifudifudi mezani. Na mimi, sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema, "Mama, mimi ndiye nilikwambia ukae."

"Najua. Nilisikia."

"Ningesema utoke ungetoka?"

Nilitaka aseme hapana. Nilikuwa nimejiambia kwa miaka yote hiyo kwamba hangeweza kumwacha mzee, kwamba alishaamua, kwamba mtoto hawezi kumzuia mtu mzima. Mama alichukua kitambaa akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Ningetoka," alisema. "Nilikuwa na begi mkononi. Nilipiga simu niambiwe toka."

"Nilikuwa na miaka kumi, Mama."

"Si ndio hiyo!" Akakitupa kitambaa. Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imesimama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hasira yenyewe haikuwa inaniangalia mimi. "Niko mtu mzima, maji inakuja, na napigia mtoto wa miaka kumi simu nikitaka mama. Mtoto mwenyewe nilimwacha akiwa na sita. Nilikuuliza niende ndio nisiseme ni mimi niliamua. Nikakuuliza tena. Ndio maana niliacha kukuita hilo jina, Wairimu. Haikuwa kukuchapa."

Hatukukumbatiana. Sisi si watu wa hivyo, na bado kulikuwa na uchungu mwingi sana hewani. Alikwenda kutazama nguo kama zimekauka, na mimi nikakiokota kitambaa.

Binti yangu ana miaka minne. Anaitwa Nyokabi, jina la Mama, kwa kuwa nami sikuolewa, na kwa desturi yetu yeye sasa ndiye mama yangu. Watu kanisani hunitania nimwombe ruhusa nikitaka kwenda mahali. Nafanya kazi Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Ninaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Alhamisi, na wakati mwingine mtoto huamka, akaja mlangoni akiburuta blanketi lake, akinitazama ninavyofunga viatu. Mama husimama nyuma yake amekunja mikono, kama alivyosimama Tata. Simpigii mtoto magoti. Simuulizi kama niende. Ninamwambia kwamba naenda, kwamba mimi ndiye nimeamua, na kwamba nitarudi Alhamisi. Alhamisi ikifika, ninarudi.